Je, Aliye Nyuma Ajitoe?

Kila uchaguzi unapokaribia, vyama vinapoanza kutoa fomu na wanachama kujiandaa kwa kura za maoni, huzuka maneno ambayo bila shaka ndugu msomaji umepata kuyasikia: "Huyu naye anang'ang'ania nini? Si ajitoe tu!" Maneno haya huelekezwa kwa mgombea aliye nyuma. Wala hayasemwi na wapinzani wake peke yao. Husemwa na rafiki zake, husemwa na wazee wa ukoo, na aghalabu husemwa na mke au mume wake usiku, wakati hesabu ya fedha zilizokwisha kutumika inapopigwa. Nimeyasikia mara nyingi hapa Kambarage, mjini Shinyanga, kwenye vijiwe vya kahawa na katika misiba, mahali ambapo siasa hujadiliwa kwa sauti ya chini. Kwa kuwa yanasemwa kwa urahisi mno, nimeona yafaa tuyapime.

Swali langu si kama kujitoa ni werevu. Hilo ni suala la hesabu, na kila mgombea anao wapiga hesabu wake. Swali langu ni la wajibu: je, mtu aliye nyuma katika kinyang'anyiro ndani ya chama chake anawiwa na wenzake kujitoa? Na kama anawiwa, anawiwa lini, na na nani?

Tuanze na wale wanaotaka ajitoe, maana hoja zao si za kipuuzi. Kwanza, wanasema, kuna umoja. Watu wa chama kimoja wakishindana kwa muda mrefu hutoleana siri, na maneno waliyotupiana ndugu hao huja kuokotwa na chama kingine na kutumika kama mawe. Pili, kuna gharama. Kampeni hula fedha, hula muda wa watu, hula mafuta ya pikipiki. Na mtu asiye na matumaini akiendelea anakula vya wenzake bure. Tatu, kuna heshima. Mtu mzima anayejua kusoma dalili huondoka mwenyewe kabla hajaondolewa. Wahenga nao wameombwa kutoa ushahidi: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Hoja zote tatu zina ukweli ndani yake. Lakini tazama methali hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayotumiwa zaidi na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Inasema mshindani akubali kushindwa. Haisemi akubali kuwa nyuma. Kuwa nyuma ni hali ya njiani. Kushindwa ni hali ya mwisho wa njia. Anayemwambia mtu aliye nyuma kwamba amekwisha kushindwa anahesabu kura ambazo bado ziko mikononi mwa wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote tunao hapa kwetu. Mwezi Julai mwaka 1995, Mkutano Mkuu wa CCM ulikutana Dodoma kumchagua mgombea urais kwa ajili ya uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992. Majina matatu yalifikishwa mbele ya wajumbe: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa, na Cleopa Msuya ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu. Duru ya kwanza ilitoa matokeo haya: Kikwete kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyepata zaidi ya nusu, kwa hiyo wa tatu akatoka na wawili wa kwanza wakarudi kwa wajumbe. Katika duru ya pili Mkapa alipata kura 686 na Kikwete 639. Mtu aliyekuwa nyuma kwa kura 75 alimaliza akiwa mbele kwa kura 47, na baada ya miezi michache akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Sasa tuseme, kati ya duru hizo mbili, angetokea mzee mmoja mwenye nia njema akamnong'oneza Mkapa: "Ndugu, umeona mwenyewe. Kijana amekuzidi. Kwa ajili ya umoja wa chama, mwachie." Maneno hayo yangesikika ya hekima. Yangesifiwa hata na magazeti. Lakini yangewanyang'anya sauti yao wajumbe 336 waliompigia Msuya, ambao walikuwa bado hawajaulizwa kati ya hao wawili wanampenda nani zaidi. Tukichukulia kwamba waliowachagua Mkapa na Kikwete mara ya kwanza hawakubadili nia, basi katika wale wa Msuya kama 227 walikwenda kwa Mkapa na kama 105 kwa Kikwete. Uamuzi wa nchi ulikuwa ndani ya mifuko ya watu wa mgombea wa tatu. Nani angeujua kabla hawajaulizwa?

Wala mfano huo hauishii hapo. Kikwete, aliyekuwa mbele asubuhi na nyuma jioni, aliyapokea matokeo. Alifanya kazi kama Waziri wa Mambo ya Nje chini ya yule aliyemshinda kwa miaka 10, na Mei 2005 akasimama tena Dodoma mbele ya Mkutano Mkuu. Safari hiyo alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, na Mark Mwandosya 122. Hapo ndipo methali ya asiyekubali kushindwa inapokaa mahali pake. Alikubali baada ya kura kuhesabiwa. Hakuna aliyemdai akubali kabla.

Sisi Wasukuma, hata yule asiyejua siasa hata kidogo, jambo hili tumelilelewa ndani ya ngoma. Wakati wa mavuno, na hasa katika sherehe za bulabo mwezi Juni, makundi ya Bagika na Bagalu hushindana. Hawachezi kwa zamu. Huchezea kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji wako huru kwenda wanakovutwa. Kundi lenye watu wengi ndilo linaloshinda. Kwa hiyo kila mara kuna kundi lililo nyuma, na kila mtu analiona kwa macho kwamba liko nyuma, kwa kuwa watu wamelipa kisogo. Je, huacha kucheza? La hasha. Manju hubadili wimbo. Hutolewa chatu, au kinyago kipya, au kijana mwenye mbinu ambayo haijapata kuonekana, na mara utaona watu wanaanza kukimbia kuvuka uwanja. Na hata kama hawakuvuka, kundi lililo mbele limelazimika kucheza vizuri zaidi kuliko ambavyo lingecheza peke yake. Mtazamaji amefaidi pande zote mbili. Hakuna mzee wa Kisukuma ambaye angesimama katikati ya uwanja kuwaambia walio nyuma waache ili kulinda umoja wa ngoma.

Kama kinyang'anyiro cha chama ni ngoma ya namna hii, basi jibu ni rahisi: aliye nyuma na acheze mpaka mwisho. Lakini mambo hayako hivyo siku zote. Kuna mashindano mengine ambayo hayafanani na ngoma. Yanafanana na duara.

Msomaji asiyetoka huku kwetu pengine hajui duara ni nini. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa huko Geita mpaka Mwakitolyo hapa Shinyanga, duara ni lile shimo refu linaloshuka kuufuata mwamba wenye dhahabu. Kwa kawaida wachimbaji wake hawalipwi mshahara wa siku. Hula chakula cha mwenye duara au cha mfadhili, huchimba, na wanapoufikia mwamba hugawana mawe. Wasipoufikia, jasho lao limekwenda. Sasa mwenye duara aliyekwisha kuchimba futi nyingi bila kuona kitu huingiwa na maradhi ambayo kila mtu wa machimboni anayajua. Kila jioni husema, bado kidogo. Kwa sababu amekwisha kutumia kingi, anaona hawezi kuacha. Na kwa sababu haachi, anazidi kutumia kingi. Wakati huo matimba yanaoza, maji yanapanda, na walio chini si yeye, ni vijana wa watu.

Huyu naye yuko nyuma, na huyu naye anakataa kujitoa. Lakini ni dhahiri hatuwezi kumsifu kama tunavyomsifu manju. Tofauti iko wapi? Haiko katika umbali alio nyuma. Manju anaweza kuwa amebakiwa na watazamaji kumi tu na bado akawa na haki kamili ya kucheza. Tofauti ni kwamba yule wa ngoma, kwa kuendelea, anawapa watu kitu cha kuchagua. Huyu wa duara, kwa kuendelea, anawatumia watu kulipia jambo ambalo ni lake mwenyewe: aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hivyo nadhani swali la kwanza ambalo mgombea aliye nyuma anapaswa kujiuliza si "Nimebakiza kura ngapi?" bali "Niko kwenye ngoma au niko kwenye duara?" Na jibu, kwa sehemu kubwa, litategemea kanuni za mchezo wenyewe.

Pale Dodoma mwaka 1995 kanuni zilikuwa na duru ya pili. Msuya hakuhitaji kujitoa kwa ajili ya mtu. Kanuni zilimtoa, na watu wake wakaulizwa upya. Chini ya utaratibu wa namna hiyo, kumshurutisha mtu ajitoe ni kazi bure, maana kura yake haimharibii mwingine. Lakini kura zetu nyingi hazina duru ya pili. Kura za maoni za udiwani na ubunge humpa ushindi aliyewazidi wenzake, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka. Uchaguzi wa wabunge uko hivyo hivyo, na tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2000, hata Rais hahitaji tena kuvuka nusu ya kura. Kanuni zisipokuwa na duru ya pili, mzigo ule ambao kanuni zingeubeba huangukia dhamiri ya mgombea. Yeye mwenyewe inambidi ajiulize kile ambacho sanduku halikuuliza: watu wangu, kama nisingekuwepo, wangetaka nani? Na je, kuwepo kwangu kunampitisha yule ambaye wao wasingemtaka kabisa?

Wakenya walilipia somo hili kwa gharama kubwa. FORD ilikuwa vuguvugu lililowaunganisha wengi waliotaka kumwondoa Daniel arap Moi. Mwaka 1992 lilivunjika vipande viwili juu ya swali hili hili, nani awe mgombea: Oginga Odinga akabaki na FORD-Kenya, Kenneth Matiba akaenda na FORD-Asili. Kila mmoja alikuwa na watu wake, kila mmoja alikuwa na sababu zake za haki, na Matiba alikuwa ametoka kizuizini na afya iliyovunjika. Desemba ilipofika, Moi alishinda kwa kiasi cha asilimia 36 ya kura. Matiba alipata kama asilimia 26, Oginga kama 17, achilia mbali Mwai Kibaki wa DP aliyepata zaidi ya 19. Miaka 10 baadaye, tarehe 14 Oktoba 2002, Raila, mwana wa Oginga, alisimama Uhuru Park akatamka maneno mawili, "Kibaki tosha", na Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Kujitoa kwa mtu mmoja kulifanya kile ambacho kung'ang'ania kwa wawili kulikuwa kumekizuia.

Basi je, si ushahidi huo kwamba aliye nyuma ajitoe? Ni ushahidi wa jambo hilo, lakini pamoja na masharti yake. Raila hakujitoa kwa sababu aliona haya. Alitamka mbele ya umati, mchana, na watu wake wakasikia sababu. Hata hivyo nyuma ya tamko lile kulikuwa na hati ya makubaliano kati ya wakubwa kuhusu vyeo, na hati hiyo haikutimizwa, na ugomvi uliotokana nayo ukairudia nchi. Sehemu ya kujitoa iliyofanywa hadharani ilizaa matunda. Sehemu iliyofanywa chumbani ilizaa chuki. Hilo nalo tuliweke akilini.

Wamarekani nao wanatupa mifano ya pande mbili. Mwaka 2008 Hillary Clinton aliambiwa kwa miezi kadhaa ajitoe amwachie Barack Obama, kwamba anakigawa chama cha Democratic. Hakujitoa mpaka majimbo yote yalipokwisha kupiga kura, na akatangaza tarehe 7 Juni. Chama hakikufa. Obama alishinda mwezi Novemba, na Clinton akawa Waziri wake wa Mambo ya Nje. Lakini mwaka 2020, Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walijitoa tarehe 1 na 2 Machi, siku moja au mbili kabla ya majimbo mengi kupiga kura kwa pamoja, wakamuunga mkono Joe Biden ambaye hoja zake zilifanana na zao. Walijifanya wao wenyewe kuwa ile duru ya pili isiyokuwapo. Na Biden huyo, mwezi mmoja kabla, alikuwa wa nne jimbo la Iowa na wa tano New Hampshire. Kama sheria ingekuwa kwamba aliye nyuma ajitoe, wa kwanza kuambiwa angekuwa yeye.

Tuyaache ya mbali turudi mtaani, maana huku ndiko wengi wetu tunakokutana na jambo hili, na huku halivai suti. Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepata kuchukua fomu ya udiwani katika chama chake. Katika wagombea wanne, kila aliyejua kuhesabu alimweka wa tatu. Wiki moja kabla ya kura za maoni mjomba wake alikuja kwake na wazee wawili. Walikaribishwa, wakaamkiwa, wakanywa chai. Kisha mjomba akasema, "Mwanangu, sisi hatukukatazi. Lakini upepo unauona mwenyewe. Mwachie kijana, na sisi tutakukumbuka."

Yule mama aliinamisha kichwa kidogo, kama inavyopasa mbele ya mjomba. Akasema, "Mjomba, maneno yako nimeyapokea, na siwezi kukurudishia maneno. Ila nina jambo moja la kuuliza. Akina mama wa sokoni walinichangia elfu moja moja nikachukue fomu. Wao mmekwisha kuwauliza?"

Wazee walitazamana. Hawakuwa wamewauliza, wala halikuwa limewapitia akilini kwamba hao nao ni watu wa kuulizwa.

Hakujitoa. Alipata kura chache, akawa wa tatu kama ilivyotabiriwa. Lakini katika mkutano wa wagombea kujieleza mbele ya wanachama, yeye peke yake ndiye aliyetaja choo cha wanawake sokoni, na kwa kuwa alikitaja, wengine watatu walilazimika kukijibu. Yule kijana aliyeshinda aliahidi. Choo hakijajengwa. Lakini ahadi ilitolewa mbele ya watu, na akina mama hawaachi kumkumbusha kila apitapo. Kama angejitoa wiki ile, kusingekuwa na cha kumkumbusha.

Swali lake kwa wazee ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo hili zima. Watu wakikuunga mkono, wanakupa amana. Kura ya mtu, shilingi yake elfu moja, jina lake alilokuwekea kwenye fomu ya wadhamini, si zawadi. Ni vitu vyao ulivyokabidhiwa kwa kusudi maalumu. Aliyekabidhiwa amana hana haki ya kuipeleka kwa mtu mwingine bila kuwauliza wenyewe. Wala hana haki ya kukaa nayo pale ambapo kukaa nayo kunaiharibu. Mgombea anayejitoa kwa agizo la wakubwa na mgombea anayeng'ang'ania kwa kiburi wanakosea kosa moja: wote wawili wanadhani kura walizopewa ni zao.

Kwa kipimo hicho, kuna kujitoa ambako hakuna utetezi, nako ni kule kwa kununuliwa. Kila mtu anajua kwamba kuna watu wanaochukua fomu si kwa kutaka kuongoza, bali kwa kutaka kulipwa ili waondoke. Na kuna wengine waliochukua kwa nia safi, wakaletewa bahasha au ahadi ya cheo, wakaondoka kimya usiku. Hao wameuza mali ya watu. Bunge lilipotunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010, liligusa pia hatua ya uteuzi ndani ya vyama, kwa sababu lilijua fedha huanza kazi yake huko. Lakini hakuna sheria inayoweza kuona kila bahasha. Dalili ya mtu aliyenunuliwa ni moja tu, nayo haihitaji mpelelezi: hawezi kusimama mbele ya wale waliomchangia akawaeleza kwa nini ameondoka.

Kuna pia kung'ang'ania ambako hakuna utetezi. Katika utaratibu wa kura za maoni, si mara moja tu vikao vya uteuzi vimempitisha aliyekuwa wa pili au wa tatu. Hilo ni haki ya vikao, na wakati mwingine lina sababu njema. Lakini linazaa mgombea wa aina yake, asiyetafuta kura hata moja zaidi na asiye na neno jipya la kuwaambia wanachama, anayebaki kwenye orodha akingoja mtu fulani Dodoma ampigie simu. Huyo hayuko kwenye ngoma. Ameacha kucheza siku nyingi. Amekaa tu uwanjani ili asiondoke. Watu wake hawapati chochote kwa kuwepo kwake.

Mtaa wetu unaitwa Kambarage, jina la Mwalimu, na Mwalimu alituachia neno la Kizanaki ambalo sasa ni la Kiswahili: kung'atuka. Tumelizoea mno hata tunalitumia kwa kila anayeondoka mahali. Lakini kung'atuka ni tendo la mtu aliyeshika. Aliye na madaraka akiyaachia kwa hiari, anaachia kitu chake mwenyewe, na ndiyo maana tunamwona mkubwa. Aliye nyuma hana cha kuachia isipokuwa matumaini ya watu wengine. Kwa hiyo tusimdai kwa wepesi ule ule, na tusimpe sifa zile zile. Inanishangaza kwamba katika nchi yetu maneno ya "jitoe" husemwa sana kwa aliye mnyonge, kwa mwanamke, kwa kijana asiye na fedha, na husemwa kwa nadra sana kwa yule aliyeko juu ambaye muda wake umepita.

Wapo watakaosema kwamba kura chache hazibadili kitu, na kwamba mimi nazipa uzito usio wake. Hao nawakumbusha jimbo letu wenyewe. Mwaka 2010, ubunge wa Shinyanga Mjini ulitangazwa kwa tofauti ya kura moja. Moja. Watu wa mji huu hawana ruhusa ya kumwambia mtu yeyote kwamba kura zake chache ni bure.

Basi nimjibu yule anayeuliza. Je, aliye nyuma ajitoe? Nasema asijitoe kwa sababu tu yuko nyuma. Akae maadamu njia ya halali bado iko wazi, na maadamu anasema neno ambalo asipolisema yeye halitasemwa. Ajitoe pale anapoona kwamba kukaa kwake kunampitisha yule ambaye watu wake wanamwogopa kuliko wote, au pale ambapo hana tena la kuwapa isipokuwa kuwachosha. Na akijitoa, awaendee kwanza wale waliomchangia elfu moja moja, kabla ya kwenda kwa wakubwa. Awaeleze mchana, awaulize, asikie. Wakimwambia "nenda", aende akiwa huru, na hata anayempisha atakuwa amepokea kitu safi. Wakimwambia "kaa", basi akae, ahesabiwe nao, na siku matokeo yatakapotangazwa ampe mshindi mkono.

Hapo atakuwa ameshindwa, na kushindwa kwa namna hiyo hakumwondolei mtu heshima.